Gari la Mlango Mmoja Mweupe

Gari la bluu lenye mlango mmoja mweupe nililiona mara ya kwanza tukiwa Austria, na sikulitilia maanani. Kila kiangazi barabara ile hujaa watu wetu wanaotoka Ujerumani kwenda likizo Uturuki, keria zimefungwa maturubai, watoto wamelala midomo wazi. Gari chakavu katikati ya msururu huo si habari. Nililiona tena Hungaria, limeegeshwa mwisho kabisa wa uwanja wa mapumziko, kando ya mapipa ya taka, ilhali kivuli kilikuwa tele. Nikasema moyoni, huyu dereva hana akili. Nikaendelea kumenya mayai.

Sisi tulikuwa na magari mawili. La mbele aliliendesha mume wangu Rifat. Mimi nilikaa kando yake, na binti yetu Selda alikaa nyuma, amebanwa na mito na mablanketi ya kugawia ndugu. La pili lilikuwa la wifi yangu Zekiye, na humo walikuwa yeye, mumewe Hamdi na mapacha wao wasionyamaza. Tulitoka Dortmund, tulikuwa tunakwenda Yozgat, kwetu Uturuki, na safari hii haikuwa ya kupumzika. Selda alikuwa anakwenda kuposwa.

Mchumba alitafutwa na wifi. Aliitwa Kadir, ana duka la samani, havuti, hanywi, ana nyumba ya ghorofa mbili. “Na mama yake miguu inamsumbua,” wifi alituambia, “kwa hiyo hatapanda ngazi kuja kumchunguza mkwe.” Kwa wifi hiyo nayo ilikuwa sifa ya bwana harusi. Tulipomuuliza Selda, alisema, “Mnavyoona nyinyi.” Mama yeyote anajua kwamba hilo si jibu la ndiyo. Nami nilijua. Nikafunga masanduku.

Kulikuwa na mwanamume mwingine. Aliitwa Taner, fundi wa lifti, alishaoa akaachana na mkewe, ana mtoto wa kike. Majira ya kuchipua alikuja kubisha mlangoni kwetu na boksi la chokoleti na maua, peke yake. Hakuja na baba, wala mjomba, wala hata jirani mwenye mvi. Kwetu sisi mtu haji kuposa peke yake kama anakuja kusoma mita ya umeme. Rifat hakumruhusu hata avue viatu. Alimwambia, “Kijana, umekosea nyumba,” akafunga mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huohuo na nilikubaliana na mume wangu. Selda alikuwa jikoni. Hakulia. Alisugua jiko lililokuwa safi.

Siku ya kuondoka, jirani yetu Münevver alitoka na ndoo akamwaga maji nyuma ya magari yetu yakiondoka, kama mila inavyotaka, ili tuende kama maji na turudi kama maji. Mimi sipendi kuona maji yanamwagwa bure. Lakini Selda aligeuka kuyatazama, na toka hapo hakugeuka mbele tena. Alisukuma mito huku na huku mpaka akapata tundu la kuonea kwenye kioo cha nyuma, akaketi upande, shavu limeegemea kiti. Ujerumani yote, Austria yote, Hungaria yote, yeye anatazama tulikotoka.

“Utapata kizunguzungu,” nilimwambia.

“Sipati, mama.”

“Unaangalia nini huko?”

“Barabara.”

Nilidhani anaililia Dortmund. Nilimwacha.

*

Serbia, kabla ya kufika Nish, tulisimama kwenye kituo cha mafuta tupate kifungua kinywa. Tulitandika kitambaa kwenye meza ya zege: jibini, zeituni, nyanya, mkate uliobaki. Wifi ndiye aliyeanza.

“Pete avishwe siku hiyohiyo tukifika,” alisema. “Wageni nimeshawaalika.”

“Siku hiyohiyo?” nilishtuka. “Mtoto hata miguu haijanyooka?”

“Miguu ya nini, wifi? Pete inavaliwa kidoleni.”

Hamdi akacheka, chai ikampalia. Nikamgeukia Rifat. “Baba Selda, sema neno. Mimi nataka wiki. Amwone huyo Kadir akila. Amwone akikasirika.”

“Utamwangalia nini? Ni mtoto wa watu.”

“Hata wezi ni watoto wa watu.”

“Usinianzishie, mama Selda. Nina mpaka wa Bulgaria mbele yangu na jua hili.”

“Basi nenda nao mpaka wako. Leo mimi napanda kwa wifi!”

Nilisema kwa sauti kubwa, wote wakasikia, na hapo ndipo nilipojiponza. Nikachukua chupa ya chai nikaenda kuiosha chooni, nikaisugua kwa hasira mpaka ikang’aa. Nilipotoka, meza ilikuwa tupu. Magari yote mawili yalikuwa yameondoka.

Sikuhitaji kufikiri sana. Rifat aliniacha niende zangu kwa wifi kama nilivyotangaza. Wifi hakuniona, akasema hasira zimemshuka, karudi kwa mumewe kama kawaida yake. Kila familia inayosafiri kwa magari mawili ina hadithi ya namna hii. Kuna bibi aliyesahauliwa Austria, kuna mjomba aliyeachwa Bulgaria na soksi tu miguuni. Kwenye harusi tunazisimulia, tunacheka hadi machozi. Mimi ndiye nilikuwa nacheka kuliko wote.

Mkoba wangu ulikuwa garini. Simu ilikuwa mkobani. Mkononi nilikuwa na chupa ya chai isiyo na chai.

Uwanja ule ulibaki na gari moja tu, kule mwisho, kwenye mapipa ya taka. La bluu. Mlango mmoja mweupe. Dereva alikuwa amesimama nje, mkono juu ya paa la gari, ananitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla hajaingia. Kisha akaja. Nilimtambua kabla hajanifikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa chokoleti.”

“Ndiyo, mama. Taner.”

“Jina nalijua. Tulilifungia mlango.”

Aliinamisha kichwa kidogo. Alikuwa hajanyoa, shati limekunjamana, macho mekundu kwa usingizi. Mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi.

“Wamekuacha,” alisema.

“Nimeona. Simu unayo?”

Alinipa. Nikaishika, nikagundua sijui namba ya mtu yeyote kwa kichwa, hata ya mume wangu. “Namba ya binti yangu unayo?”

Masikio yakamwiva.

“Ninayo, mama.”

“Bila shaka unayo. Piga.”

Akapiga. Ikaita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Nilielewa. Jina lake limetokea kwenye kioo cha simu, na baba amekaa pale mbele kwenye usukani. Ni nani angepokea?

“Mwandikie,” nikasema.

Aliandika: niko na mama yako. Jibu lilikuja upesi, akanionyesha bila kutaka: *Taner, usinitanie leo. Mama yuko kwa shangazi, amekasirika. Na mimi sijisikii vizuri. Usikae mbali sana.*

Nilisoma yale maneno ya mwisho mara mbili. Kisha nikamrudishia simu.

“Nimtumie sauti yako, mama? Asikie mwenyewe?”

“Hapana. Acha. Twende. Nataka nione watanikumbuka wapi.”

*

Ndani ya gari mlikuwa safi kuliko nje. Kiti cha nyuma kilikuwa na kiti cha mtoto, na kwenye mkanda wake amefungwa sungura wa kitambaa mwenye sikio moja. Nilifunga mkanda wangu, nikaweka chupa mapajani, nikamwachia aendeshe mpaka tukaingia barabara kuu. Kisha nikamuuliza, maana sikuona faida ya kuzunguka.

“Mke wako ulimfanya nini?”

“Sikumfanya kitu.” Alifikiri kidogo. “Nadhani hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Nilikuwa kazini siku zote. Nikirudi nalala. Siku moja akaniambia amechoka kuishi na koti langu.”

“Ulimpiga?”

“Hapana, mama.”

“Ulikuwa na mwanamke?”

“Hapana. Nilikuwa na lifti.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Bado sikuwa upande wake.

“Na wazee wako wako wapi? Mbona ulikuja kama yatima?”

“Mama alifariki. Baba alioa tena huko Izmir, hatuongei vizuri. Nina mjomba mmoja Bochum, ila yeye huanza kunywa asubuhi. Nikaona bora nije peke yangu nifukuzwe kwa kosa langu kuliko nije na mjomba nifukuzwe kwa kosa lake.”

“Chokoleti zilikuwa nzuri,” nilisema. “Uliziacha kwenye ngazi. Rifat alizila zote, akasema ni za bei rahisi.”

Hapo alitabasamu, kwa mara ya kwanza. Nikaona kile Selda alichokiona. Uso ule ukiwa umetulia ni wa kawaida kabisa, lakini ukitabasamu unafunguka kama dirisha. Nilitazama pembeni. Mashamba ya alizeti yalikuwa yanapita, yote yamegeukia upande mmoja.

“Umetufuata toka wapi?”

“Toka mlangoni kwenu.”

“Ulitaka kumwiba binti yangu?”

“Hapana.”

“Usinidanganye. Nina umri wa kujua.”

Alibadilisha gia bila sababu.

“Alinipigia tukiwa Hungaria,” alisema. “Mlikuwa mmelala garini, alitoka nje. Akasema, njoo unichukue sasa hivi, turudi. Alikuwa analia. Nilikuwa namwona kwa mbali, mama. Kituo kizima kilikuwa kati yetu, na ningeweza kufika pale kwa kukimbia tu.”

Selda. Yule wa *mnavyoona nyinyi*. Nikaishika ile chupa ya chai kwa nguvu.

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia hapana.”

“Kwa nini? Si unampenda?”

“Nampenda.” Alisema kama mtu anayetaja kabila lake. “Lakini na mimi nina binti, mama. Elif yuko pale nyuma kila Jumapili na sungura wake. Siku mtu atakapomchukua kwenye kituo cha mafuta nikiwa nimelala, sitaamka tena. Nilimwambia Selda nitakuja mlangoni kwenu tena. Nikifukuzwa, nitakuja tena. Akasema, utachelewa, pete itakuwa imeshavaliwa.”

“Sasa kama hukuja kumwiba, unatufuata kwa ajili ya nini?”

“Aliogopa njia. Nikamwahidi nitakuwa nyuma yake mpaka mpaka wa Uturuki, ili akigeuka anione. Basi.”

Mimi pia niliipita barabara hii nikiwa bibi arusi, upande wa pili, kutoka Yozgat kwenda Dortmund, nimebanwa kiti cha nyuma kati ya mashangazi wa Rifat. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Mbele ya wazee hakuweza kuniambia neno, lakini Bulgaria nzima alikuwa anakiinamisha kioo cha ndani mpaka kikanipata mimi. Baba yake akakirudisha. Akakiinamisha tena. Baba mtu akasema, “Rifat, magari yapo nyuma, hayapo kwa mkeo.” Nilicheka ndani ya mtandio mpaka nikatoka jasho. Siku hizi kioo kile kinaonyesha mito na mablanketi, na hakuna anayekigusa.

“Ulipotoka Dortmund,” nilimuuliza, “nani alikumwagia maji?”

Aliinua mabega. “Hakuna, mama. Lakini mvua ilikuwa inanyesha.”

“Mvua haihesabiwi.”

“Ndivyo alivyokuwa akisema mama yangu.”

*

Tuliwapata baada ya Nish. Nililitambua turubai letu juu ya keria, lile nililolikaza kwa mikono yangu. Taner akapunguza mwendo.

“Niwapite? Nikiwapungia mkono watasimama.”

“Usiwapite. Kaa hapahapa nyuma.”

Kisha nikamwona Selda. Kwenye kioo cha nyuma, kati ya mto wa maua na blanketi la kahawia, kulikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa na uso wa mwanangu. Alikuwa anatutazama. Nilikuwa nimekaa naye safari nzima na sikuwahi kuuona uso ule. Mbele yetu alikuwa na uso wa kumenya mayai na kupokea sahani. Huu ulikuwa wa mtu anayepumua. Alimwona Taner, macho yakalainika, akaweka kiganja kwenye kioo.

Halafu akaniona mimi.

Mdomo ukafunguka. Kiganja kikadondoka. Simu ya Taner ikalia pale pale, nikaipokea mimi.

“Mama?” alinong’ona, redio ya baba yake ikivuma nyuma ya sauti. “Mama, unafanya nini humo?”

“Nimesahaulika.”

“Baba amesema uko kwa shangazi!”

“Shangazi yako naye anasema niko kwa baba yako. Usimwambie. Nataka aone mwenyewe.”

“Mama, ataniua.”

“Hatakuua, ana haraka ya kufika Yozgat. Selda?”

“Abee, mama.”

“Ni kweli ulimpigia huyu kule Hungaria?”

Nilimwona kule mbele, amefunga macho.

“Kweli,” alisema.

“Haya. Kata simu, baba yako atasikia.”

*

Karibu na mpaka wa Bulgaria kuna uwanja ambapo watu husimama kutoa pasipoti kabla ya kuingia foleni. Magari yetu mawili yakaingia. Nilimwambia Taner aegeshe nyuma ya lori moja, tukakaa tunatazama kupitia kioo cha mbele kama watu walio sinema.

Rifat alishuka, akajinyoosha, akaenda kwenye gari la dada yake anachechemea, maana goti lake la kushoto ni bovu. Aliinama dirishani. Najua alichosema: Mama Selda, toa pasipoti, hasira baadaye. Wifi akatoa kichwa nje. Wakatazamana. Hamdi akashuka. Rifat akarudi kwenye gari letu, akafungua mlango wangu, akatazama kiti. Akafungua buti. Akainua mto.

“Anakutafuta chini ya mito,” Taner alisema taratibu.

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Kabla sijasema, Rifat aliacha buti wazi, akaanza kukimbia. Hakulichukua gari. Alikimbia kwa miguu kuelekea tulikotoka, upande wa Nish, na ndara zake na goti lake, ananyoosha mkono kuyasimamisha magari kana kwamba yangemsikiliza. Ndara moja ikamtoka. Hakurudi kuichukua. Alipita kando ya lori, akapita kando yetu, karibu kiasi cha kuugusa mlango mweupe, na hakuniona.

Nilifungua mlango.

“Baba Selda! Unakwenda wapi?”

Alisimama. Akageuka. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Alikuja akashika boneti ya gari kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akahema.

“Nilidhani…” alisema. Akashindwa. “Jua hili. Na huna simu. Nilidhani…”

“Ungefika Nish kwa mguu mmoja?”

“Ningefika.”

Nilimwamini. Nikaenda kumwokotea ndara yake, nikaiweka mbele ya mguu wake, akaivaa. Sisi si watu wa kushikana hadharani.

Kisha akamwona dereva.

“Wewe tena,” Rifat alisema.

“Mimi, mzee.”

“Ulikuwa unatufuata.”

“Ndiyo, mzee. Toka Dortmund.”

Wifi alikuwa ameshafika, mikono kichwani. “Kashfa! Mwanamume anamfuata mtoto wa watu nchi hadi nchi! Yozgat wakisikia tutaficha wapi nyuso?”

“Wifi,” nilisema, “wewe umenisahau mimi mzima mwenye kilo zote hizi. Uso ufiche kwanza kwa hilo.”

Selda alikuja nyuma yao. Hakukimbia. Alisimama upande wa pili wa gari la bluu, boneti ikawa kati yake na Taner, na wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nimeona watu wakikumbatiana vituo vya treni wasiwe na nusu ya kile kilichokuwa juu ya boneti ile.

“Umekula?” Selda aliuliza.

“Nimekula.”

“Muongo.”

Akaenda garini kwetu, akarudi na mkate, jibini na nyanya zilizofungwa kwenye leso. Wifi akalalamika kwamba hicho ni chakula cha safari. Selda akamwambia, “Na yeye yuko safarini, shangazi,” kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu.

Rifat alikohoa. “Kijana, umemleta mke wangu. Asante, sitasahau. Sasa geuza gari urudi ulikotoka. Huko mbele ni mambo ya familia.”

Nilimtazama Taner. Hapo ndipo mtu anapojulikana. Angeweza kubishana, na angeweza kusema habari za Hungaria, zingetosha kumwangusha Rifat pale pale. Alifunga ile leso vizuri.

“Sawa, mzee,” alisema. “Nitakuja mlangoni mkisharudi.” Akamgeukia Selda. “Nilikuahidi mpaka wa Uturuki. Nimepungukiwa nchi moja.”

“Umefika,” Selda alisema.

Aliingia garini. Selda hakulia, na safari hii hapakuwa na jiko la kusugua. Alisimama tu, mikono imening’inia. Wifi alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za pete. Gari la bluu likageuka polepole, likaanza kuondoka.

Nilikwenda kwenye buti letu lililokuwa bado wazi. Nikatoa chupa ya maji, ile kubwa. Nikafungua kizibo, nikatembea mpaka barabarani, na mbele ya mume wangu, wifi yangu, Hamdi, mapacha na madereva wa malori, nikaimwaga yote nyuma ya gari la mlango mmoja mweupe.

Lami ilikuwa ya moto, maji yakafuka mvuke. Lile gari likawasha taa za breki. Likasimama kidogo, kana kwamba limesahau njia. Kisha likaenda.

“Maji ya kunywa hayo!” wifi alipiga kelele. “Wewe, unajua umefanya nini? Unamwita arudi!”

“Najua mila zetu, wifi. Mimi pia nimezaliwa Yozgat.”

“Na akina Kadir? Tutawaambia nini?”

“Tutawaambia binti ana mtu. Wageni uliwaalika wewe, chai utawapikia wewe.”

Akamgeukia kaka yake amtetee. Rifat alikuwa anaitazama ile alama ya maji kwenye lami, jinsi ilivyokuwa inakauka pembeni. Alifunga buti, akanifungulia mlango. Mara ya mwisho kunifungulia mlango, tulikuwa na gari jingine na serikali nyingine.

Tulikaa kwenye foleni ya Bulgaria muda mrefu, tukisogea kidogo kidogo. Nilishika pasipoti mapajani. Mwishowe Rifat akasema, bila kunitazama, “Umemmwagia chupa nzima?”

“Nzima.”

“Anakuja na nani? Siwezi kuongea na mtoto peke yake.”

“Ana mjomba Bochum. Mlevi.”

Alifikiria. “Aje asubuhi na mapema, basi. Kabla mjomba hajaanza.”

Akanyoosha mkono, akakiinamisha kioo cha ndani. Nilidhani anataka kuona kama gari la wifi liko nyuma. Lakini tundu la kati ya mito lilikuwa limezibwa, na kioo kilikuwa kimenielekea mimi.

Niligeuka kumtazama Selda. Mto wa maua ulikuwa umerudishwa mahali pake. Alikuwa amefunga mkanda, amekaa sawasawa, na kwa mara ya kwanza toka Dortmund alikuwa anatazama mbele.